Mirathi Haigawiwi Njiani

 

Ndugu msomaji, katika safu hii tumewahi kueleza hukumu za mirathi, na tumewahi kueleza adabu za safari. Hatukuwahi kuyaeleza mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu hatukuwahi kufikiri kwamba yanakutana. Yalikutana juu yetu wenyewe, katika mwendo wa mwisho wa kurudi nyumbani kwetu Masieda, wilayani Mbulu, na tumeona ni wajibu kuyasimulia pamoja na kosa letu ndani yake. Anayewanasihi watu huku akilificha kosa lake, nasaha yake haina uzito.

Sisi ni watoto wanne wa baba mmoja na mama mmoja. Kaka yetu mkubwa ni mfanyabiashara Dar es Salaam. Anayemfuata ni dada yetu, ambaye ameolewa na anaishi Dodoma. Kisha tunafuata sisi tunaoandika safu hii. Wa mwisho ni mdogo wetu wa kiume, ambaye hakuhama. Marehemu baba yetu alitoka Kondoa akiwa kijana, akapanda uwanda wa juu wa Mbulu akifuata biashara ya nafaka, akaoa, akapata ardhi Masieda na kujenga. Waislamu wa huko si wengi. Majirani zetu ni Wairaqw, wengi wao Wakristo, na ndio waliochimba kaburi la baba pamoja nasi siku alipofariki.

Safari tunayoisimulia tuliifanya baada ya mama kumaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi. Hapo pana kosa la kwanza, nasi tunalitaja mapema ili msomaji asilirithi. Familia nyingi huchukulia kwamba mali ya marehemu haiguswi mpaka arobaini ipite, au mpaka mjane atoke eda. Eda ni ibada ya mjane na ina hukumu zake, lakini haifungi mlango wa kulipa madeni wala wa kugawa mirathi. Miezi minne ile ilitupa muda wa kila mmoja wetu kuigawa mali kivyake, kichwani mwake, bila kuwasikia wenzake.

Tuliondoka Dar es Salaam baada ya Swala ya Alfajiri katika gari la kaka aina ya Noah. Tulipita Morogoro, na mchana tulimchukua dada yetu Dodoma. Usiku tulilala Kondoa kwa shangazi yetu. Mtume (SAW) alielekeza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe amiri. Sisi tulikuwa watatu na hatukumteua mtu. Kaka alikuwa ndiye mwenye gari na ndiye mkubwa, basi jambo likajiendea lenyewe, akawa kiongozi bila ya kushauriwa wala kushauriana. Ndugu msomaji, amiri wa safari aliyeteuliwa hujua kwamba ana dhamana na kwamba ataulizwa. Aliyejikuta tu kwenye usukani hujua kwamba ana usukani.

Siku ya pili tulizuru jamaa wa baba pale Kondoa, na baada ya Swala ya Adhuhuri, tuliyoiunganisha na Alasiri, tukashika njia ya Babati. Baba alikuwa akitusimulia jinsi njia ile ilivyokuwa zamani. Masika yakichachamaa, malori yalikwama kwenye matope, na abiria walilala njiani. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita zipatazo 250, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018, naye aliipita mara chache tu kabla ya maradhi kumlaza. Tulipopita Kolo na kuanza kupanda kuelekea Bereko, kaka alisema, "Laiti mzee angekuwepo kwenye gari hii." Tukamrehemu. Huo ndio ulikuwa wakati wa mwisho mazungumzo yetu kuwa ya watoto wa marehemu. Baada ya hapo yalikuwa ya warithi.

Mbele ya Bereko tairi la nyuma lilipata pancha. Tulifunga tairi la akiba tukaendelea. Tulipofika Babati, dada yetu alisema kwa upole, "Kaka, tuzibe hili kabla ya kupanda mlima. Huko juu hakuna fundi." Kaka alitazama saa, akasema muda unakwenda, na kwamba fundi ana foleni. Alisema tutaziba kesho. Sisi tulimwona dada ana haki, lakini tulinyamaza. Tulinunua sukari, mchele na doti mbili za kanga kwa ajili ya mama, tukaondoka.

Kati ya Babati na Dareda ndipo kaka alipoifungua habari ya mali. Aliizungumza kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuifikiri sana. Baba aliacha shamba la ekari kumi na sita, nyumba na ng'ombe kadhaa. Kaka alipendekeza shamba lote liuzwe. Fedha, alisema, zigawanywe kati yake na sisi, na mama atengewe za matumizi. "Dada yetu tumpe kitu cha kumridhisha," alisema, "yeye ana mume, na mumewe ana mali yake." Kuhusu mdogo wetu alisema hivi: "Yule amekaa shambani miaka kumi na miwili. Amelima, amevuna, amekula. Hiyo si sehemu yake tayari?"

Dada yetu alikuwa kiti cha nyuma, na yote aliyasikia. Baada ya muda aliuliza, "Ustadhi, na wewe unasemaje?"

Ndugu msomaji, sisi tumesoma chuo cha Kiislamu. Elimu ya mirathi tulifundishwa na tukaifanyia mtihani. Kwenye msikiti wetu sisi ni katibu wa kamati, na si mara moja tumeandika muhtasari wa kikao cha suluhu baina ya ndugu waliogombania nyumba. Kwa hiyo hesabu ya mali ya baba yetu tuliijua tangu siku ya mazishi. Tena ni hesabu nyepesi kuliko nyingi. Mjane, marehemu akiwa ameacha watoto, hupata thumuni, yaani fungu moja katika mafungu manane. Yanabaki mafungu saba. Watoto wa kiume ni watatu, kila mmoja mafungu mawili, jumla sita. Mtoto wa kike ni mmoja, naye ana fungu moja. Mafungu manane yamekamilika bila hata kuvunja. Katika ekari kumi na sita, mama ana ekari mbili, dada ana mbili, na kila mwanamume ana nne. Hayo yamo katika Sura An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuyahariri, si kaka mkubwa wala mwanachuoni.

Hayo tuliyajua. Jibu tulilompa dada yetu ni hili: "Tutaangalia tukifika."

Tumeliandika jibu hilo kama lilivyo kwa sababu ndilo kiini cha makala hii. Hatukusema uongo, ila tuliificha kweli mahali ilipohitajika, kwa kumwogopa kaka, na kwa sababu nyingine ambayo ni chungu zaidi kuikiri. Katika mgawo wa kaka, sisi tulikuwa tukipata zaidi ya haki yetu. Dada yetu hakusema neno tena. Aligeuza uso akatazama dirishani, upande ulikokuwa Mlima Hanang.

Mlima ule una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na ukiwa njia ya Dareda unauona umesimama peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, matope na mawe viliporomoka kutoka kwenye miteremko yake, vikafunika makazi ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kuna nyumba ambazo waliorithi na waliorithiwa walikufa pamoja. Sisi tulipita chini ya mlima huo tukihesabu ekari za mtu aliyekwisha kwenda, kana kwamba sisi tumeahidiwa kubaki.

Pale Dareda tuliiacha lami na kuanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh. Njia ile ina kona za kufuatana na mawe makali, na upande mmoja ni bonde. Jua lilikuwa linazama. Tulikuwa tumepita nusu ya mlima tairi la pili lilipopasuka. Tairi la akiba tulikuwa nalo, lakini lilikuwa lile lenye pancha, alilosema dada yetu lizibwe.

Tulishuka, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukaweka matawi barabarani kuwaonya wanaopanda. Kaka alimpigia simu mdogo wetu. Hakumwomba kitu, alimwarifu tu kwamba tutachelewa, ili mama asiingiwe na wasiwasi. Mdogo wetu aliuliza tuko kona ipi. Kaka akamweleza. Akasema, "Msiondoke hapo, kaka," akakata simu.

Tuliswali Magharibi kando ya barabara. Kisha tukakaa juu ya jiwe, na baridi ya uwanda wa juu ikaanza kushuka. Hapo ndipo dada yetu alipozungumza. Alisema, "Miezi miwili ya mwisho ya baba nilikuwa mimi huku, mnajua. Hamkuuliza matibabu yalilipwa na nani."

Kaka akasema tulikuwa tukituma fedha. Ni kweli tulituma. Dada yetu alizitaja zote, kila aliyetuma na mwezi aliotuma, kwa kuwa zilipitia simu yake. Kisha akataja gharama. Tofauti ilikuwa kubwa. "Mdogo wenu aliuza ng'ombe wanne," alisema. "Si wa baba. Ni wake, aliowanunua kwa vitunguu saumu vyake. Alinikataza kuwaambia. Alisema, 'Kaka zangu wana watoto wanasoma.'"

Kaka hakujibu. Nasi hatukuwa na la kusema.

Hebu tusimame kidogo hapa, tuitazame Sura Yusuf, ambayo wengi wetu huisoma kama kisa cha Nabii Yusuf (AS) peke yake. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba ni kisa cha ndugu walio njiani, na kwamba kila mara wanarudi nyumbani kwa baba yao. Mara ya kwanza walirudi usiku, wanalia, na kanzu yenye damu ya uongo. Mara ya pili walirudi na chakula, na ndani ya mizigo wakakuta mali yao wamerudishiwa. Mara ya tatu walirudi bila ya ndugu yao mdogo, na mkubwa wao hakurudi kabisa. Alibaki kule kwa kuwa aliikumbuka ahadi waliyompa baba yao na aliona haya kumtazama usoni. Mara ya mwisho walirudi na kanzu nyingine, ya kweli, na baba yao akaihisi harufu ya Yusuf tangu msafara ulipoondoka tu, kabla haujafika.

Tuzingatie kwamba ubaya wao wote waliupanga wakiwa pamoja, na mmoja wao hayupo kwenye shauri. Walishauriana juu ya Yusuf naye hayupo, wakakubaliana, na kule kukubaliana kukawapa utulivu wa uongo. Ndivyo ilivyo kwa ndugu wengi. Hawakai kikao kumdhulumu mwenzao. Wanazungumza tu, kwenye gari, au kwenye simu, au kwenye kundi la WhatsApp ambalo yeye hayumo, na wakifika nyumbani jambo limekwisha kuwa "tulivyokubaliana". Tuzingatie pia kwamba palikuwa na mmoja kati yao aliyelipunguza lile shauri la kumuua, akapendekeza atiwe kisimani. Alijua kuwa ni dhulma, akaipunguza badala ya kuikataa. Tulipolikumbuka jibu letu la "tutaangalia tukifika", tulijiona tumekaa karibu naye.

Baada ya muda usiopungua saa moja tuliona taa ya pikipiki ikishuka kutoka juu. Alikuwa ni mdogo wetu. Nyuma yake alimpakia fundi wa matairi kutoka Dongobesh, na kati yao wamebana pampu na mfuko wa vifaa. Kifuani, ndani ya koti, alikuwa na chupa ya chai, na mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha ambavyo bado vilikuwa na joto. Alituamkia kwa kushika mkono wa kila mmoja wetu kwa mikono yake miwili, akianza na kaka. "Shikamoo kaka. Poleni na safari. Mama anasema mle kwanza." Kisha akalala chini ya gari, akisaidiana na fundi, tochi ameiuma kwa meno.

Kaka alisimama akimtazama. Alipotaka kumlipa fundi, fundi alisema amekwisha kulipwa.

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na kwamba aliyekwisha kutimiza haja yake afanye haraka kurudi kwa watu wake. Amekataza pia mtu kuwagonga watu wake usiku bila ya taarifa. Usiku ule tuliielewa hikima nyingine ndani ya mafundisho hayo. Anayerudi nyumbani, kuna mtu aliye nyumbani anayemngoja, na huyo aliyebaki ndiye anayeifanya nyumba iwe ya kurudiwa. Sisi tulikuwa tukisema "nyumbani kwetu Masieda" kwa miaka kumi na miwili, na tulikuwa tukiweza kulisema neno hilo kwa sababu mtu mmoja alibaki akaezeka bati lililotoboka, akalima, akamwogesha baba.

Tulifika Masieda karibu saa nne za usiku. Mama alikuwa mlangoni na kibatari. Aliwakumbatia watoto wake watatu, kisha akamuuliza wa nne kama amevaa koti zito. Baadaye tukasimama kuswali Isha.

Hapa iko mas'ala ambayo wasomaji wetu hutuuliza mara kwa mara. Mtu aliyehamia mjini, akirudi alikozaliwa kwa siku chache, je, ni msafiri au ni mwenyeji? Wanachuoni wameeleza kwamba aliyeyahamisha makazi yake akafanya kwingine kuwa ndiko kwake, kule alikozaliwa anaweza kuwa msafiri kama mahali pengine. Mtume (SAW) alizaliwa Makka na kukulia Makka, lakini aliporudi mwaka wa 8 Hijria katika Ufunguzi, aliswali kwa kupunguza, kwa kuwa makazi yake yalikuwa Madina. Sisi tulikusudia kukaa siku tatu. Kwa hiyo, ndani ya nyumba aliyoijenga baba yetu, sisi tulikuwa wasafiri. Mwenyeji pale alikuwa mdogo wetu.

Kaka alituashiria tuswalishe, kwa kuwa ndiyo kawaida kila tunapokutana. Tukamsogeza mdogo wetu mbele. Mwenye nyumba ana haki zaidi ya kuswalisha nyumbani kwake, hilo ni la Sunna. Na msafiri akiswali nyuma ya mwenyeji hapunguzi, bali hukamilisha pamoja naye. Tuliswali rakaa nne kamili nyuma yake. Katika rakaa ya tatu, ambayo sisi peke yetu tusingeiswali, tulimsikia kaka akivuta pumzi kama mtu anayejizuia.

Asubuhi tulikaa kikao. Mama alikuwepo, dada alikuwepo, na mdogo wetu alikuwepo, jambo ambalo ndilo linalofanya kikao kiwe kikao. Tuliomba tusamehewe kwanza, mbele ya wote, kwa jibu letu la njiani. Kisha tukaieleza hesabu ya mafungu manane. Kaka alisema, "Andika." Hakusema zaidi.

Kabla ya kugawa, tuliuliza madeni. Katika mali ya marehemu hutangulia gharama za maziko, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi kwa asiyekuwa mrithi, kisha ndipo warithi. Mtume (SAW) aliwahi kujizuia kumswalia maiti aliyekuwa na deni la dinari mbili mpaka swahaba mmoja alipolidhamini. Jirani yetu mmoja, Mkristo, alikuja akasema kwa haya kwamba baba alichukua kwake magunia matatu ya mahindi mwaka wa ukame, na hapakuwa na maandishi. Mdogo wetu alishuhudia kwamba ni kweli, yeye mwenyewe ndiye aliyeyabeba. Tulilipa kabla ya kuhesabu ekari hata moja. Laiti tungeuza shamba kule kule njiani, deni lile lingemfuata baba na sisi tungeitwa wajanja.

Likabaki suala la ng'ombe wanne. Kisheria, aliyemtumia mzazi mali yake kwa nia ya kumkopesha, hilo ni deni na hutolewa kwanza. Aliyemtumia kwa nia ya wema, hilo ni hisani na halidaiwi. Nia anaijua mwenyewe. Tulimuuliza mdogo wetu, naye alijibu kwa sauti ya chini, "Sikumkopesha baba." Basi halikuwa deni, na hatukuweza kuliandika kama deni. Mafungu yaligawanywa kama yalivyo. Lakini mtu akishapewa fungu lake ni mali yake, anaweza kutoa humo atakacho. Kaka alitoa katika ng'ombe wa fungu lake, nasi tukatoa, na dada yetu akataka kutoa, mdogo wetu akamkatalia.

Hatutaki kumdanganya msomaji kwamba yote yalikwisha kwa tabasamu. Kaka ana shida ya mtaji, na bado anataka kuziuza ekari zake nne. Ni haki yake. Tulichoandika ni kwamba atakayeuza awaulize kwanza ndugu zake, kwa bei ya haki na kwa kulipa polepole, kabla ya kumpelekea mgeni. Nyumba haikuuzwa. Wote tuliridhia mama akae humo maisha yake yote. Dada yetu alisema jambo moja tu: ekari zake mbili ziandikwe kwa jina lake, na mipaka ipandwe miti mbele ya mashahidi. Ziliandikwa.

Wasomaji wetu, tunawausia mambo machache kutokana na safari hii.

Kwanza, msiigawe mali ya marehemu mahali ambapo mmoja wa warithi hayupo. Mazungumzo yakianza njiani, yakatizeni kwa heshima na mseme mtayazungumza wote mkiwepo.

Pili, andikeni. Muhtasari wa kikao cha familia, wenye majina, tarehe na saini za wote wakiwemo wanawake, ni ulinzi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mashauri ya mirathi yanayofuata sheria ya Kiislamu, na itakapomteua msimamizi itautaka muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo. Msimamizi si mmiliki. Ni mtumishi wa warithi, na atatoa hesabu.

Tatu, fungu la mwanamke si zawadi ya kaka zake. Allah (SW) amelitaja kwa kiwango chake. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki ya kumiliki ardhi kama mwanamume. Kumwambia "una mume" ni kumdai mumewe haki ambayo iko mikononi mwenu.

Nne, muulizeni aliyebaki nyumbani. Kabla ya kusema amekula nini, muulizeni ametoa nini. Na kama alikopesha, aseme na aandike mapema, mgonjwa akiwa hai. Kunyamaza kwake huwa ni wema, lakini wema usiojulikana huwaacha ndugu wengine wakidhulumu bila kujua.

Tano, na hili tunajiambia sisi wenyewe na kila aliyesoma: ukiulizwa haki ukiwa kiti cha mbele, ijibu ukiwa kiti cha mbele. Usingoje kufika.

Siku ya tatu tuliondoka Masieda alfajiri. Kabla ya kupanda gari kaka alisema, "Tumteue amiri." Tulimtazama, kisha sote tukamtazama dada yetu. Alicheka, akasema la kwanza ni kukagua tairi la akiba. Mdogo wetu alikuwa amekwisha kulikagua.

Tunamwomba Allah (SW) amrehemu baba yetu na wazazi wa wasomaji wetu wote waliotangulia, awape umri mwema walio hai, na atujaalie tunaporudi nyumbani turudi kwa kutubia, kuabudu na kumshukuru. Aamin.

Wabillahi tawfiq.